Kosa Walilombebesha Willy

Siku serikali za nchi za mbali zilipoifunga ile tovuti ya michezo ya bure, Godelieve alifurahi. Alikuwa uani anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, akamsikia mumewe Aristide anaguna chumbani kama mtu aliyejikata kidole. Alipoingia akakuta kioo cha kompyuta kimebadilika. Pale ambapo kila siku palikuwa na picha za michezo zimejipanga kama bidhaa dukani, sasa palikuwa na maandishi makubwa tu na nembo za polisi wa mataifa mengi, tai na simba na mataji. Willy, rafiki wa Aristide, alikuwa amesimama nyuma ya kiti na kikombe cha chai mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Godelieve amjue, hakuwa anacheka.

"Wamefunga," Aristide alisema.

"Hakuna zingine?"

"Zote njo wanafunga. Mmoja mmoja wanakamatwa, huko kwao."

Godelieve akarudi kwa ndagala zake. Hakucheka, maana hakuwa mwanamke wa kumcheka mumewe, lakini moyo ulimtulia kama wa mama aliyeambiwa homa ya mtoto imeshuka.

Kazi ya Aristide ilikuwa kufungua mashine. Zile pleistesheni zinazotoka ng'ambo huja na kufuli ndani yake, kufuli lisiloonekana. Hazikubali mchezo wowote usionunuliwa kwa wenyewe, na mchezo mmoja wa kununua ungeweza kumeza mshahara wa mwalimu. Aristide alizitoa skrubu, akachomelea waya mwembamba kama unywele, akaingiza programu zake, na kuanzia hapo mashine ilikula chochote unachoipa. Wenye sale za michezo, vile vyumba vya kucheza kwa kulipia, kutoka Kataki hadi Lubuye, mitaa ya Kalemie, walimletea zao. Wala haikuwa michezo tu. Kompyuta za sekretariati, za parokia, hata za biro kadhaa za serikali pale bandarini, programu zake zilipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumuuliza amezitoa wapi. Willy, aliyekuja mjini na mama yake kutoka Kiambi, alijifunza kazi kwenye meza hiyohiyo, na miaka yote hiyo alikula bukari, ule ugali wa nyumba hiyo, kama ndugu wa tumbo moja.

Ila Godelieve alikuwa binti wa karani wa reli. Baba yake alifunga kravati hata miezi ambayo mshahara haukuja, na watu wa mtaa walimsalimia kwa kuinua kofia. Yeye aliolewa na mtu anayeshinda na kaptula, meza imejaa matumbo ya mashine, na chumba cha mbele kimejaa vijana wanaopiga kelele. Kanisani, kwenye mkutano wa wamama, Mama Micheline, mke wa mtu wa forodha, alimuuliza bwana yake anafanya kazi gani. Godelieve akajibu kwamba yuko kwenye informatiki. "Aa," Mama Micheline akasema, "njo ule wa michezo ya watoto." Wamama wakacheka, wala si kwa ubaya. Godelieve alicheka pamoja nao, akarudi nyumbani na kicheko kile kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Basi tovuti ilipofungwa alidhani Mungu amemsikia, na kwamba kazi ile itakufa polepole yenyewe, bila mtu kuumia.

Haikufa polepole. Redio ya mjini ilisoma tangazo kwamba kikosi kipya kimetoka Kinshasa, kazi yake ni kukamata mashine zilizofunguliwa na programu za wizi, na kwamba kitapita mji kwa mji. Siku chache baadaye ndege ikawashusha. Mkubwa wao aliitwa Inspekta Grégoire. Sale za michezo zikafungwa milango mchana kweupe, na vijana wakabaki vibarazani hawajui mikono yao waiweke wapi.

Aristide hakutupa kitu. Alikuwa na sanduku la chuma lenye diski zake zote, kazi ya miaka, pamoja na mashine za wateja. Willy alilifunga kwenye baiskeli, likafunikwa gunia, likapelekwa kwa yaya Cécile, dada mkubwa wa Aristide. Cécile alikuwa mjane, anauza unga wa mihogo sokoni na kuongoza maombi ya Jumatano, na nani angemshuku mama wa maombi? Walilisukuma nyuma ya mifuko ya mihogo. Willy alitoka pale anatania kwamba sasa sanduku limeokoka.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha. Aristide alikuwa ameshaondoka kwenda Lubuye kumtuliza mteja aliyetaka mashine yake. Cécile, akiwa njiani kwenda sokoni na beseni lake kichwani, alipita mlangoni kwa Godelieve akaongea kwa sauti ya chini. Paa lilikuwa limevuja juu ya mifuko, kwa hiyo sanduku amelitoa pale, ameliweka chini ya kitanda chake.

"Umwambie mudogo wangu akirudi," alisema, kisha akaenda zake.

Jua halijapanda sana Inspekta Grégoire akabisha hodi.

Godelieve alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kupiga mlango teke. Aliyekuja alikuwa mzee kidogo, mwenye miwani, anaongea taratibu. Aliwaacha polisi wake wapekue chumba cha mbele, naye akaomba kiti na maji ya kunywa. Alimwita Mama. Aliisifu nyumba kwa usafi wake, akauliza mtoto anasoma wapi, na alipoona picha ya baba yake Godelieve ukutani, na ile kravati, akauliza ni nani.

"Ni papa. Alikuwa karani wa reli."

"Inaonekana," Inspekta alisema. "Hii si nyumba ya wezi."

Neno lile lilimwingia Godelieve kuliko kitisho chochote. Polisi walitoka chumbani mikono mitupu, ukiacha nyaya kadhaa na kile chuma cha kuchomelea. Inspekta hakukasirika. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati.

"Mama, mimi sitafuti muntu, natafuta vitu. Vitu vikipatikana leo, bwana yako anatia sahihi, anarudi kulala hapa. Tukivitafuta wenyewe tukavipata, nitampandisha ndege pamoja navyo. Kule sijui atakaa muda gani."

Nje wapita njia walikuwa wameanza kusimama. Alimwona mke wa jirani ameegemea ua, mtoto mgongoni, anatazama bila aibu.

"Na hakuna atakayejua ni wewe," Inspekta akaongeza. "Hilo nakupa neno langu."

Baadaye, kila alipoikumbuka saa ile, Godelieve alijiambia kuwa ni hofu. Na hofu ilikuwepo, kweli. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na yeye alikijua hata wakati ule. Alitaka iishe. Alitaka lile sanduku litoke katika maisha yake, ile meza itoke, zile kelele zitoke, na mumewe avae shati. Hapa alikuwepo mtu mwenye miwani anayempa mlango wa kupitia.

"Iko kwa dada yake," alisema. "Chini ya kitanda."

Katika mambo yote aliyoahidi Inspekta Grégoire siku ile, moja tu ndilo alilotimiza: hakumwambia mtu.

Walimchukua Aristide njiani akirudi kutoka Lubuye. Walimchukua na Cécile. Kwa kuwa gari lao lilikuwa limekwama kwenye matope ya mvua, walimtwika mama yule sanduku kichwani, wakamtembeza kwa miguu kukatiza soko, polisi mbele na polisi nyuma, kupita wauza samaki wa mikebuka, kupita wauza unga wenzake, kupita wanawake aliowaombea wakiwa wagonjwa. Wengine walidhani amekutwa na dawa za kulevya. Wengine walisema silaha. Cécile hakumjibu mtu. Shingo yake ilikuwa imezoea mizigo, lakini waliomwona walisema siku ile ilikuwa inatetemeka.

Godelieve alipeleka chakula mahabusu kila mchana. Alisimama kwenye jua na sufuria yake iliyofungwa kwa kitambaa mpaka mlinzi ajisikie kuinuka. Mlinzi alifungua kifuniko, akanusa, akachukua kipande cha samaki akakila mbele yake, akajipangusa vidole. Mwingine, kijana mwenye sauti ya upole, alimsogelea siku moja akamuuliza kwa siri kama bwana yake akitoka ataweza kuwafungulia watoto wake pleistesheni yao, maana mjomba wao aliileta kutoka Lubumbashi na inagoma. Godelieve akasema atamuuliza. Alisema hivyo kwa heshima, kwa sababu sufuria bado ilikuwa mikononi mwa kijana yule.

Siku ya kuharibu mashine, mji mzima ulialikwa. Walizitandaza kwenye uwanja karibu na bandari, diski na mashine na maneti zake za kuchezea, na roli la kubeba mchanga likapita juu yake, likarudi nyuma, likapita tena. Mtu wa redio alikuwepo. Ofisa mmoja alisoma hotuba juu ya jasho la watunzi, na hotuba ile ilikuwa nzuri, nayo ilikuwa imechapwa kwenye kompyuta ya sekretariati ambayo Aristide ndiye aliyeiwekea programu. Godelieve alisimama nyuma ya watu. Alikuwa amedhani ataona maganda matupu tu. Lakini plastiki ilipopasuka aliona yale matumbo madogo ya kijani, na zile alama ndogo ndogo za kuchomelea za mumewe, zimekaa sawasawa kama mishono ya mshonaji wa sherehe. Hakuwahi kuziangalia kwa karibu. Alitazama mpaka zikawa unga, kisha akageuka akaenda kununua sombe, majani ya mihogo ya kupika jioni.

Cécile aliachiliwa kwanza, kisha Aristide, baada ya faini iliyokula cherehani ya Godelieve na baiskeli, na baada ya kutia sahihi kwamba hatagusa tena mashine ya mtu. Alirudi amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Alioga, akala kidogo, akakaa kibarazani. Dada yake akaja akakaa naye. Majirani wakaja mmoja mmoja kumpa pole, na kila aliyekuja alileta swali lilelile: ni nani aliyewapeleka polisi kule?

Na kila mmoja alikuwa na jibu lake, nalo lilikuwa moja. Nani mwingine alijua sanduku liko wapi kama si yule aliyelibeba? Mtu fulani alimwona Willy wiki ile ameketi na polisi mmoja kwenye baa ya stesheni, wanacheka. Willy mwenyewe hakuwa amekanusha; alikuwa akimtengenezea polisi yule kioo cha simu, na Willy alicheka na kila mtu, hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Sasa tabia ile ikageuka ushahidi.

Godelieve aliyasikia yote akiwa jikoni. Alingoja Aristide aseme neno, aseme hapana, huyo hawezi. Aristide alikaa kimya, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo.

Kesho yake mchana Willy akaja. Alikuwa amevaa shati safi, na mkononi ameshika mikebuka iliyofungwa kwa ukambaa. Alikuwa anatabasamu, ingawa tabasamu lenyewe lilikuwa na wasiwasi, kama la mtu anayeingia matangani asijue wafiwa wamekaa upande gani. Cécile alipomwona aliinuka akaingia ndani bila salamu. Aristide hakuinuka.

"Yaya," Willy alisema, neno lake la siku zote kwa kaka mkubwa, "aksanti Mungu umetoka. Mama anakusalimu. Nimekuletea—"

"Rudi nayo."

"Yaya?"

"Rudi na samaki yako. Hapa usiingie tena."

Willy alisimama. Macho yake yalitafuta mtu mwingine wa kumtazama, yakamkuta Godelieve mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi.

"Mama Gracieuse," alimwambia kwa jina la mwanawe, kama alivyomwita siku zote, "wewe unanijua. Unafikiri mimi naweza?"

Godelieve alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikuwa fupi, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Bukari ikaanza kuungua nyuma yake, akainusa, akageuka kuiepua. Alipogeuka tena Willy alikuwa ameshatoka, na mikebuka ilikuwa imelazwa kwenye ngazi, juu ya jani.

Kalemie ni mji wa maji makubwa lakini habari zake zinapita haraka, kama kwenye mfereji mwembamba. Mwisho wa mwezi hakukuwa na mtu wa kumpa Willy hata redio ya kukaza waya. Wenye sale, waliopoteza mashine zao chini ya lile roli, walimtukana barabarani. Mama yake, Mama Sylvie, alikuwa akikaanga mikate karibu na stesheni tangu Willy akiwa mtoto, na makarani wa reli walianza siku kwa mikate yake. Sasa beseni lilirudi nyumbani limejaa. Walipita mbele yake wakaenda kununua kwa mwingine, hatua chache mbele, na hawakumtazama.

Willy akaondoka. Alipanda roli la mizigo la kwenda Manono, na kutoka huko akafika Kiambi kwa mjomba wake, kuvua samaki kwenye mto Luvua na kulima, kazi ambazo mama yake alimleta mjini ili asizifanye.

Alipokwisha kuondoka, Mama Sylvie alikuja kwa Godelieve. Alichagua saa ambayo Aristide hayupo. Alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kama mama kwa mama. Mutoto wangu ana makosa mengi, nayajua, ni mimi nilimuzaa. Lakini hii hana. Aliniapia. Umwambie bwana yako ampigie simu hata mara moja. Asimsamehe, amusikilize tu."

Godelieve alisema atamwambia. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuendelea kumtazama, aliinuka akamjazia bakuli la unga. Mama Sylvie alilipokea kwa mikono miwili akamshukuru, na shukrani ile ilimkaa Godelieve kifuani siku nyingi kama chakula kisichoshuka. Hakumwambia Aristide. Kumwambia kungefungua mlango, na nyuma ya mlango ule alikuwa amesimama yeye mwenyewe.

Mvua za mwaka ule zilikata barabara kila upande. Katikati ya mvua hizo Mama Sylvie alishikwa na homa, akalazwa, akafa. Habari zilimfikia Willy kwa kuchelewa, na hata zilipomfika hakukuwa na roli lililopita. Mama Sylvie alizikwa na watu wa kanisa na majirani wachache. Godelieve alienda matangani akakaa pembeni ya jamvi. Mwanamke mmoja nyuma yake alisema, bila hata kushusha sauti, kwamba mutoto aliyeuza rafiki yake ameona haya kuja kumzika mama yake. Wengine wakaitikia mm-hm. Godelieve aliinamisha kichwa, na waliomwona walidhani analia kwa ajili ya marehemu. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Aristide hakwenda. Alisema ana kazi.

Na kazi alikuwa nayo. Mwenye boti moja ya mizigo alimchukua kuandika bidhaa zinazoshuka na kupanda bandarini. Alivaa suruali ndefu na shati la kola, akaondoka asubuhi na kurudi jioni. Kanisani Mama Micheline alimuuliza Godelieve habari za bwana na biro yake, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Chumba cha mbele kilipangishwa kwa muuza mihogo. Nyumba ilikuwa kimya, safi, ya heshima, kama alivyoitamani tangu siku ya ndoa, na ndani yake aliishi mwanamume aliyekula bila kuongea. Zamani Aristide aliimba akifanya kazi, wimbo wowote wa redio, maneno ya ovyo, na Godelieve alimkemea. Sasa alitega sikio akasikia kijiko tu kikigusa sahani.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Gracieuse alikuwa ameenda kwa shangazi yake. Godelieve alikuwa anapiga pasi shati la Jumatatu, mkaa umekolea vizuri, na Aristide amekaa kwenye kiti cha mlangoni anatazama barabara. Hakuwa amepanga. Aliona tu kwamba kola ya shati imechakaa upande mmoja, akawaza kwamba ataigeuza, na kwamba ataigeuza tena mwakani, na kwamba miaka yote iliyobaki itakuwa hivi. Akaiweka pasi kando.

"Papa Gracieuse. Si Willy."

Aristide hakugeuka.

"Ni mimi nilimwambia ule inspekta. Aliniahidi utarudi siku ileile. Niliogopa. Na nilitaka iishe. Ni mimi."

Barabarani mtu alipita anasukuma mkokoteni wa maji. Aristide alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Tangu kule ndani. Willy alijua kitu iko nyuma ya mifuko. Mimi pia. Wao walienda moja kwa moja kwa kitanda. Nikamuuliza yaya alimwambia nani. Akasema Mama Gracieuse tu, asubuhi ile."

Godelieve alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kitandani, juu ya nguo zilizokwisha kunyooshwa.

"Yaya Cécile pia anajua?"

"Nilimuomba anyamaze. Aliomba Mungu amusamehe, akanyamaza."

"Na ukamwacha Willy..."

"Watu walikuwa wanataka jina," Aristide alisema. Sasa alikuwa amegeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka zaidi kuliko alivyomdhania. "Kama si lake, ni la kwako. Yaya alitembezwa sokoni. Wenye mashine wangekuja kwa nani? Nilipiga hesabu nikaona Willy naweza kuishi bila yeye. Bila wewe sikuona nitaishi namna gani. Hesabu ilikuwa mbaya. Lakini njo niliipiga."

Godelieve alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kufukuzwa. Muda wote huo alidhani amebeba dhambi yake peke yake, na uzito wake aliuzoea. Kumbe walikuwa watatu, kila mmoja ameshika pembe yake, na aliyelaliwa na mzigo ni yule ambaye hakuwepo. Mwanamume huyu alimpenda kiasi hicho. Alijua wanawake wengine wangelia kwa furaha kuambiwa neno lile. Yeye lilimchoma, kwa sababu alijua nani aliyelilipia.

"Tumupigie," alisema. "Leo."

Aristide hakubisha. Namba ilikuwa bado kwenye simu yake, hakuwahi kuifuta. Mara mbili simu haikupita. Kiambi mtandao ni wa kuuvizia, mpaka mtu apande mahali pa juu. Walikula bila hamu, wakajaribu tena, jua likiwa limeanza kuelekea magharibi, na safari hii ikaita. Aristide aliweka sauti nje, simu katikati yao juu ya meza.

"Alo?" Sauti ilikuwa ya Willy, lakini imepungua kitu. Kisha ikawa kama ameiona namba. "Yaya? Ni wewe, yaya?"

"Ni mimi."

Upande wa pili kukawa na upepo tu. Kisha Willy akaanza kuongea haraka, kama mtu aliyeyapanga maneno yake miezi mingi na anaogopa simu itakatika kabla hajayamaliza.

"Yaya, aksanti. Nilijua siku moja utanipigia. Unisamehe. Nimefikiri sana huku, labda ni kweli nilisema kitu kwa ule polisi, siku ya bia, bila kujua. Mimi mdomo wangu unaujua. Sikumbuki, lakini labda nilisema. Kama nilisema, unisamehe. Mimi nimechoka, yaya."

Aristide alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alimtazama mkewe, na Godelieve akaona kwamba hawezi, akaivuta simu upande wake.

"Willy, ni Mama Gracieuse. Hukusema kitu. Sikiliza. Hukusema kitu hata kidogo. Ni mimi nilisema. Bwana yangu alijua, yaya Cécile alijua, sisi wote tukanyamaza. Wewe hauna kosa."

Upepo ukavuma tena ndani ya simu. Mbali, mtu alikuwa anamwita mwenzake kwa Kiluba, akajibiwa. Godelieve alingoja. Alikuwa tayari kwa tusi lolote, alilitamani hata.

"Aksanti kunijulisha," Willy alisema mwishowe. Hakuipandisha sauti. "Lakini hiyo neno, Mama Gracieuse, mungemwambia mama."

Kisha akasema jua linazama, lazima ashuke kwenda kutega nyavu, akawaaga wote wawili kwa majina yao, kwa heshima, kama mtu anavyowaaga wakubwa zake, akakata.